Plastiki Tuliyoipika

Kupika plastiki lilikuwa wazo langu, nisimsingizie mtu. Sisi akina mama saba wa kambi ya Nakivale, hapa Uganda, sote wakimbizi wa Kivu ya Kusini, tulikuwa tumeokota majerikani yaliyopasuka, mabeseni na chupa za soda kwa miezi. Tulisikia kuna mnunuzi wa plastiki mtaa wa Ruti, kule mjini Mbarara. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na watoto wetu walikuwa wamefukuzwa muhula uliopita kwa kukosa sare.

Mzigo ulijaa nyumba mpaka mama mkwe akaniuliza kama sasa nafuga takataka. Na gari la mahindi linaloenda Mbarara lingetubebea magunia mawili tu. Basi mimi, mjuaji, nikasema: tuyeyushe, mzigo upungue! Tukayeyusha yote pamoja juu ya bati kuukuu, tukikohoa, tukapata mabonge meusi mazito. Nilivyojisifu, jamani!

Wenzangu walinituma mimi peke yangu, na gari lilipopita Isingiro sifa zilikuwa zimeniisha. Nilikaa juu ya magunia, nikijiuliza. Mbona sijawahi kuona mtu mwingine akipeleka mabonge? Nikajiambia, nyamaza, labda wewe ndiye wa kwanza kuwa na akili.

Mnunuzi alikuwa mwanajeshi mstaafu. Alipasua bonge kwa panga. Ndani mchanga, majivu, rangi zote, na kifuniko cha chupa kizima kimekaa kinanitazama.

"Nyabo, mama, hii nini?"

"Plastiki, afande."

"Ilikuwa plastiki. Jerikani iko na plastiki yake, chupa iko na yake. Umechanganya, sasa nani atatoa moja ndani ya ingine? Mashine itakataa. Mimi hapana chukua."

"Hata kidogo?"

"Ungeleta vile ilikuwa, safi, kila moja na gunia yake, ningechukua yote."

Yote! Afadhali angenitukana. Nyuma yake niliona majerikani ya watu wengine, yamekatwa vipande na kupangwa. Kumbe mzigo hupunguzwa kwa kisu. Mungu wangu, visu tulikuwa navyo.

Nilirudi mikono mitupu, nikitunga maneno na kuyaacha. Niliogopa nyuso za wenzangu kuliko njaa. Nilipokaribia kwetu nikaona moshi: walikuwa wameokota plastiki nyingine, wanaiyeyusha, wanaimba.

Nikaanza kukimbia. "Muzime moto! Muzime!"

Walikuwa mbali, hawakunisikia. Waliona tu nakimbia, wakapiga vigelegele.

"Bamechukua yote!" mmoja akawaambia wenzake, akaongeza kuni.