Bi Sabuni na Kondoo Aliyeogeshwa

Mke wa mwanangu tunamwita Bi Sabuni. Jina nimempa mimi, na simwombi radhi.

Alipoolewa hapa alikuta kila kitu kichafu. Akasugua masufuria mpaka nikaiona sura yangu, na sikuipenda. Msimu wa kondoo kuzaa ulipofika, asubuhi moja nikaenda kwa fundi cherehani, nikamwachia Bi Sabuni banda. Nilimwambia wazi, "Yule mwenye doa jeupe usoni anazaa leo. Akizaa, kaa pembeni utazame tu."

Nikarudi mchana. Kondoo kazaa salama, lakini kajibanza kwenye kona, na mtoto wake akimsogelea anampiga kichwa. Kitoto chenyewe cheupe kama pamba, kinatetemeka, kinanukia maua.

"Umemfanya nini huyu?"

"Nimemwogesha, mama. Alikuwa na uteute mwili mzima, nikamwonea huruma."

"Kwa sabuni?"

"Ile ya kunukia."

Nikakaa chini. Kondoo hamjui mwanawe kwa sura, anamjua kwa harufu, na harufu yenyewe huyu bibie kaimwaga na povu. Kitoto kisiponyonya yale maziwa ya kwanza siku hiyohiyo, hakifiki kesho.

"Kondo la nyuma, lile lililotoka baada ya mtoto, umeliweka wapi?"

"Nimelitupa shimo la taka."

"Kalilete. Kwa mkono."

Alidhani natania. Huyu ni mtu ambaye hashiki utumbo wa kuku bila kuvaa mfuko wa nailoni mkononi. Nilijua atalia, au atamwita mumewe. Akapandisha gauni, akaingia shimoni mpaka magotini, akafukua maganda na majivu, akatoka nalo limemtapakaa hadi viwikoni.

"Mpake sasa. Kichwani, mgongoni, na chini ya mkia hasa, huko ndiko mama yake anakonusa."

Akampaka. Mimi nikamshika mama mtu shingo. Akanusa, akapiga chafya, akamsukuma mwanawe, ila safari hii si kwa nguvu. Akanusa tena. Akaanza kulamba. Kitoto kikaingia chini ya kiwele, mkia ukawa unacheza wenyewe.

"Kanawe basi, unanuka."

"Ngoja ashibe kwanza, mama."

Huu ni msimu wa tatu banda liko mikononi mwake, mimi nakaa kwenye kigoda natafuta makosa. Nayapata, lakini madogo. Kitoto hajapoteza hata kimoja kwa uzembe, hilo nasema hata mbele ya mama yake mzazi.

Yule aliyeogeshwa naye kakua, na juzi kazaa mapacha. Nilipoingia bandani nilimkuta Bi Sabuni kakaa kwenye majani makavu, mikono mapajani kama mgeni.

"Nimetazama tu, mama."

"Naona. Na sabuni iko wapi?"

"Iko bafuni, mama. Miaka mitatu sasa unaniuliza."

"Nitakuuliza na mwakani," nikamwambia, nikasogea nihesabu miguu ya wajukuu wa kondoo wangu.