Shati Nililoivisha Sanamu

Kitu cha kwanza nilichokishona maishani mwangu kilikuwa mfuko wa kutilia ndengu, na ndengu zilimwagika zote. Nilikuwa nimepita miaka sabini, na mke wangu alikuwa amezikwa miezi mitatu tu iliyopita. Nilikaa kwenye cherehani yake, nikakanyaga pedeli kama mtu anayepanda mlima na baiskeli, nikashona pande mbili vizuri kabisa na kusahau upande wa chini.

Mke wa mwanangu, ambaye tunaishi naye boma moja hapa karibu na Zombe, aliziokota zile ndengu uani huku akijizuia kucheka, mpaka akashindwa.

"Baba, huu mfuko ni mzuri," akasema. "Unaingizia huku, unatokea huku. Kama pesa ya kaunti."

Nilicheka pia. Lakini nilijua kuwa miaka mingi nyuma mtu mwingine alileta kazi yake ya kwanza katika nyumba hii, nami nikaicheka, na kicheko kile hakikuwa kama hiki.

Nitasimulia jambo hilo kama lilivyokuwa, kwa sababu kwa miaka mingi nimelisimulia kama mzaha.

Binti yangu alikuwa darasa la saba. Mama yake alikuwa mshonaji wa zawadi. Hakuwa fundi wa kulipwa, hapana. Alishona kwa kupenda. Akisikia mtoto amezaliwa, anashona kitambaa cha kifuani. Akisikia msichana anaolewa, anatarizi vitambaa vya viti, maua mekundu na majani ya kijani, na ndege mmoja pembeni ambaye hakuna aliyewahi kujua ni ndege gani. Mimi nilikuwa karani wa stoo, mtu wa kidato cha nne, nikijiona nimesoma. Nilimwambia mara nyingi kwamba anapoteza macho yake kwa vitu vya bure. Alikuwa akinijibu, "Macho ni yangu," na kuendelea.

Krismasi ya mwaka ule binti yetu alinishonea shati. Alilishona kwa siri, kwa kitambaa kilichobaki tulipotengeneza mapazia, cha kijani chenye maua. Alinikabidhi mchana, sebuleni, mbele ya wazee watatu wa kanisa waliokuja kunitembelea. Nililifungua. Kola ilikuwa imepinda, na mkono wa kulia ulikuwa mrefu kuliko wa kushoto kwa karibu kiganja kizima.

Nililiinua juu ili wazee waone. "Hili ni la sanamu ya shambani," nikasema. "Mwaka huu ndege watatukoma."

Wazee walicheka. Mtoto naye alicheka kidogo, akiwa ameshika birika la chai, kwa sababu mtoto akiona wakubwa wanacheka hudhani anatakiwa naye acheke.

Kama ningeishia hapo, pengine tungesahau. Lakini Januari kwelea, wale ndege wadogo wala nafaka, walipoingia kwenye mawele, nilienda nikalichukua lile shati nikaivisha sanamu kwelikweli. Nilikuwa nimeshasema, na niliona ni kichekesho kizuri. Shamba letu liko kando ya njia ya kwenda shule. Asubuhi na jioni, hadi mavuno, binti yangu alipita akiliona shati lake limetanua mikono juani, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Hakugusa cherehani tena. Mama yake alimwita mara kadhaa aje ajifunze kutarizi, naye alisema ana kazi ya shule.

Alikua, akasoma, akaolewa mbali kule Makueni, kupita mji wa Wote. Hatukugombana. Watu wakiuliza nilisema binti yangu yuko salama, na ilikuwa kweli. Alipokuja, aliniamkia kwa heshima, akaniletea sukari na majani ya chai, kisha akaenda jikoni kwa mama yake na mimi nikabaki na redio. Akipiga simu alizungumza na mama yake. Mimi nilipokea salamu.

Mke wangu alipougua, alikaa mchana kwenye baraza, akiwa na kitambaa mapajani hata kama vidole havikuwa tena na nguvu ya kusukuma sindano. Siku moja aliniuliza ghafla, "Unajua kwa nini mkono ule ulikuwa mrefu?"

Nilijifanya sielewi ni mkono gani.

"Mtoto hawezi kumwambia baba yake asimame apimwe," akasema. "Alikungoja ulale kwenye kiti baada ya chakula. Alikuwa na uzi wa mkonge. Alipima bega akafunga fundo, akapima mkono akafunga fundo. Alipofika mkono wa pili, wewe ukageuka usingizini, akadhani fundo ni sawa. Aliogopa kurudia usije ukaamka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unacheka," akasema. Akarudi kwenye kitambaa chake.

Hayo nimeyabeba. Alipofariki, binti yangu alikuja, akamlilia mama yake, akapika na wanawake wengine kwa siku nne, akaondoka. Nilibaki nikiitazama cherehani kila siku ikiwa imefunikwa kitambaa chenye ndege yule asiyejulikana. Nadhani nilianza kushona kwa sababu sikujua njia nyingine ya kuomba msamaha. Nilitaka kushona gauni moja tu, la binti yangu. Lakini mtu hawezi kuanzia gauni, na ndipo nikajikuta nimependa kazi yenyewe.

Fundi mmoja pale sokoni Zombe alinifundisha. Ni mdogo kwangu kwa miaka thelathini, na hana huruma. "Mzee, kanyaga polepole, hakuna anayekukimbiza." "Mzee, huu mshono umelewa, ulipitia wapi?" Alinifundisha kuzungusha uzi kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, akanieleza kuwa uzi wa juu ukikaza na wa chini ukalegea, mshono utaonekana mzuri leo na kufunguka kesho. Alinifundisha kupiga pasi kabla ya kukata. Zaidi ya yote alinifundisha kufumua. Nilidhani kufumua ni aibu. Yeye alikuwa anafumua kila siku, mdomo ukiwa na pini, akisimulia habari za soko. "Anayeogopa kufumua atavaa makosa yake," alisema siku moja, kisha akaniomba nimsogezee mkasi.

Mfuko wa pili wa ndengu haukumwaga. Wa tatu nilimpa jirani. Baadaye nikashona mifuko ya Biblia yenye kifungo, kisha mito ya kukalia kanisani, maana mabenchi yetu ni magumu na akina mama wengi wamezeeka. Sijui kama naweza kueleza furaha ile. Jumapili moja nilihesabu mito mitano ikiingia mlangoni kwapani mwa wenyewe, mmoja umevimba upande kama shavu lenye jino bovu, na sikusikia mahubiri vizuri siku hiyo. Miaka yote nilimwambia mke wangu kuwa vitu hivi ni vya bure. Ni vya bure, ndiyo. Hata yeye hakuwahi kubisha hilo.

Mke wa mwanangu nilimshonea aproni. Hapo nilikutana na shida ambayo hata fundi hakuweza kunitatulia. Sisi Wakamba tuna nthoni, ile heshima ya wakwe. Baba mkwe hawezi kumzungushia mke wa mwanawe tepu kiunoni, wala kumuuliza kiuno chake ni inchi ngapi. Hata neno lenyewe halitoki. Kwa hiyo nilikisia. Ile aproni ilimzunguka mara mbili na kamba zikabaki za kufungia mbuzi.

"Asante Baba," akasema, akiwa ameangalia upande. "Inatutosha mimi na jirani."

Anaivaa mpaka leo.

Basi nikaona niko tayari kwa gauni. Nilinunua kitambaa cha buluu chenye maua madogo meupe. Kipimo nilikuwa nacho, au nilidhani ninacho: ndani ya sanduku la mke wangu kulikuwa na yunifomu ya shule ya binti yetu, ya mwisho kabla hajaolewa. Niliilaza juu ya kitambaa, nikaongeza vidole vinne kila upande kwa ajili ya utu uzima, nikachora kwa chaki.

Fundi alipita kunisalimu akanikuta na mkasi mkononi.

"Umempima?" akauliza.

"Ni binti yangu. Namjua."

"Mzee, sijauliza kama unamjua. Nimeuliza kama umempima."

Nilikata. Nilishona kwa wiki mbili, nikafumua kola mara tatu. Nilipomaliza, nililikunja nikaliweka ndani ya kiondo cha mke wangu, kile alichosuka mwenyewe, na kumpa mke wa mwanangu, aliyekuwa anaenda mkutano wa akina mama wa kanisa huko Wote na angelala kwa binti yangu.

Kwetu kiondo hakirudi kitupu. Ukipelekewa unga utarudisha mayai. Ukikosa mayai utarudisha hata ndimu mbili. Kiondo kitupu ni neno, na neno hilo kila mtu analielewa. Kwa siku tatu sikushona kitu. Nilifagia chini ya cherehani nikaokota pini, halafu nikafagia tena.

Alirudi Jumatatu mchana. Kiondo hakikuwa kitupu, niliona kimejaa, lakini hakukiweka mbele yangu. Alikiweka kwenye kiti karibu na mlango.

"Wako salama?" nikauliza.

"Wako salama, Baba. Wanakusalimu." Akavua viatu. "Lile gauni nimerudi nalo."

Nilikitazama kiondo.

"Alilijaribu. Halikupita mabegani. Akasema, 'Hili ni la msichana wa shule.' Alisema tu hivyo, hakukasirika. Mimi nilimwambia ulitumia yunifomu. Akalivua, akaketi nalo dirishani. Kisha akatafuta wembe, akalifumua."

"Alilirarua?"

"Hapana, Baba. Kufumua. Uzi mmoja mmoja. Hata chakula kiliiva tukamngoja. Watoto walikuwa wanamuuliza, 'Mama, umejua lini kushona?' na yeye anaendelea tu. Mpaka mikono ikatoka, na kola, kila kitu. Akavipiga pasi vipande vyote."

Nilisimama nikaenda kwenye kiti. Ndani ya kiondo vipande vyangu vilikuwa vimekunjwa vizuri, na hakuna hata kimoja kilichokatika. Mle nilimopitisha mshono mara mbili kwa woga, alikuwa ametoa nyuzi zote mbili. Chini yake kulikuwa na kitambaa kipya cha buluu tupu, kisicho na maua, kama mita moja hivi, cha kuongezea ubavuni. Na chini ya kitambaa hicho, umezungushwa kama kiota, uzi mrefu wa mkonge wenye mafundo.

Nilikaa chini nao. Niliunyoosha juu ya meza, nikahesabu mafundo saba. Nilihesabu tena, yakawa manane.

"Hakusema lolote juu ya uzi?"

"Alijipima mwenyewe, akasema kila fundo lina mahali pake. Alinionyesha."

"Basi niambie. La kwanza ni la wapi?"

Mke wa mwanangu alitazama mlango, kisha paa, kisha kuku waliokuwa uani. "Baba, la kwanza naweza. La pili siwezi. La tatu ndiyo kabisa." Alikuwa amefunika mdomo kwa leso. "Hayo ni mambo ya kifua na nyonga. Mimi nitakuambiaje? Mpigie mwenyewe. Ni mtoto wako."

Nilimwambia nitampigia jioni. Akasema jioni binti yangu huwa na kazi nyingi, na sasa hivi amekaa tu. Nikasema simu haina chaji. Akaichukua, akaitazama, akanirudishia mkononi, akatoka nje kuwafukuza kuku ambao hawakuwa wakimsumbua mtu.

Sikuwa nimewahi kumpigia. Nilikuwa mtu wa kupokea salamu.

Iliita mara nyingi. Nilikuwa karibu kukata aliposhika. Nilisikia sufuria, na mtoto akiambiwa anyamaze.

"Baba," akasema.

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilikuwa nimeyapanga tangu siku ile barazani na mama yake: la shati, la wazee watatu, la mawele. Nilifungua mdomo nikasema, "Ule mkono mrefu ulikuwa kosa langu. Niligeuka."

Nilidhani simu imekatika, nikaitazama, haikuwa imekatika.

"Uliambiwa na Mama," akasema.

"Ndiyo. Nimechelewa kuomba msamaha. Hata bila kujua hilo, kuivisha sanamu shati lako haikuwa haki."

"Nililitoa mwenyewe kule," akasema, "siku ya kuvuna. Nililichoma." Kisha, baada ya kuvuta pumzi: "Uzi unao hapo?"

"Ninao. Nimehesabu mafundo saba, halafu manane."

"Ni manane. Miwani umevaa?"

"Naivaa."

"Ivae. Na una kalamu?"

Nilimwambia ninayo. Sikuwa nayo, nilikuwa na chaki ya kuchorea vitambaa. Niliusogeza uzi pembeni ili nipate nafasi ya kuandika juu ya meza.

"La kwanza ni bega," akasema. "Andika."