Titani Iliyotangulia Alumini

Siku yangu ya kwanza kiwandani, Mkuu wa Maabara alinionyesha hadubini na kipande cha chuma kilichosuguliwa kikang'aa. "Angalia chembe," akasema. "Zikiwa ndogo, chuma kinakunjika. Zikiwa kubwa, kinapasuka." Nilidhani anatania. Nikaifanya kazi hiyo mpaka macho yakachoka, na mwenye macho pia.

Tuliyeyusha vyuma chakavu, kisha tukatia titani kidogo sana, kama chumvi kwenye mboga, ili chembe zisinenepe kwenye joto. Lakini alumini ilipaswa kutangulia, imalize oksijeni kwanza. Ukikosea mpangilio, oksijeni inaila titani, na badala ya chembe ndogo unapata takataka ngumu zilizonaswa ndani ya chuma.

Zamu moja tulikosea. Niliziona takataka zile kwenye hadubini, lakini mzigo wa vyuma vya ujenzi ulikuwa umeshaondoka kwenda Isiolo. Malalamiko yakaja: vyuma vinapasuka vikikunjwa. Meneja wa Uzalishaji akanituma nikaangalie.

Kwenye mjengo mmoja wa mtaa wa Wabera, mjini Isiolo, nilimkuta Halkano, fundi wa kukunja vyuma. Mkandarasi alikuwa tayari kumfukuza, akinisubiri mimi tu niseme kosa ni la nani.

"Boss, mimi nimekunja chuma miaka mingi," Halkano aliniambia. "Hii iko na shida."

Nilijua iko na shida. Nikampigia Meneja.

"Andika fundi amekunja vibaya," akajibu. "Hiyo maneno ya chembe nani ataelewa huko?"

Nikaandika, nikasaini. Vyuma vikabadilishwa kimyakimya, na Halkano akafukuzwa.

Ninyi mnaoanza kazi hii kiwandani mnanipigia simu kuniuliza kustaafu kukoje. Kunachosha kuliko zamu. Nilihamia hapa Isiolo kwa binti yangu, na anayetuletea maji kwa mkokoteni wa punda ni Halkano. Kila asubuhi ananisalimu, "Salaam aleikum, mzee," nami naitikia huku nikiona aibu.

Juzi nilishindwa kuvumilia. Nikamweleza yote: titani, alumini, karatasi niliyosaini. Alisikiliza huku akimimina maji kwenye pipa, mpaka mtungi ukaisha.

"Saa hii ndio unaniambia?" akauliza. "Vijana wangu wawili walitaka hiyo kazi, mzee. Niliwakataza. Niliwaambia sisi hatuna mkono ya kukunja chuma."