Mwaka Tuliosusia Watoto wa Bandia

Sisi tuliokulia Riyadh miaka ile ya neema ya mafuta tulichezea juu ya paa. Chini hapakuwa na nafasi. Mtaa wetu wote wa Shumaisi ulikuwa ukichimbwa na kujengwa, vumbi la saruji likiingia mpaka kwenye unga wa chapati. Jua likipungua makali tulipanda na mkeka, tukacheza mdako huku harufu ya mikate ya tanuri ikitufuata juu. Watoto wa leo simu ikizimika saa moja tu wanasema wanakufa. Sisi vijiwe vitano vilitutosha mpaka magharibi.

Nyumbani nilikuwa peke yangu, sina ndugu. Baba alikuwa karani wa bandari Jeddah, tukimwona mara moja kwa miezi mitatu. Badala ya barua alituletea kaseti ya sauti yake. Mama akiisikiliza huku anachambua mchele, akiijibu kama vile yupo: "Ndiyo, bwana. Hajambo. Anakula."

Safari moja kaseti ilikuja pamoja na mtoto wa bandia, macho ya kufumba na kufumbua. Nikamwita Zuhura. Nikimkosha, nikimfunga kipande cha kanga, nikilala naye. Jirani yetu Bi Aziza, Mzanzibari mwenzetu, alikuwa na mabinti watatu, kila mmoja na mtoto wake wa bandia. Basi kila alasiri paani palikuwa na mama wanne wadogo wakigombana nani mwanawe ana homa.

Bi Aziza ndiye aliyesomesha darsa ya wanawake, na mumewe ndiye aliyetusemea kwa kafili, Msaudi aliyetudhamini, ikama zetu, vibali vya kuishi, zikikaribia kwisha. Hakuna aliyembishia. Ijumaa moja Bi Aziza alisema amesikia kwamba wanaotengeneza watoto wale huko ng'ambo wanawachangia watu wanaotaka wanawake waruhusiwe kutoa mimba na kuzuia uzazi.

"Ukinunua, nawe umechangia," alisema. "Tuwasusie. Na walio majumbani watoke."

Kesho yake mabinti zake hawakupanda paani. Wala siku ya pili. Ya tatu alikuja mwenyewe, na mfuko mkononi.

"Mama Salma, umebaki wewe tu."

"Bi Aziza, mtoto huyu hana mwenzake."

Bi Aziza alinitazama mimi, kisha akalitazama tumbo la mama. "Mwenzake si angetoka hapo? Mwaka wa nane huu. Au na wewe unazuia?"

Mama alinitoa Zuhura mikononi, akamvua kile kipande cha kanga, akamtia mfukoni.

Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Mama alifunga mlango, akajilaza mkekani mbele yangu. "Haya, mimi ndiye mwanao. Nibembeleze."

Nikamsukuma. "Wewe mkubwa!"

Mabinti walirudi paani baadaye, lakini mimi sikutaka tena. Nilikaa dirishani nikisikia miguu yao juu ya kichwa changu, hadi mwaka uliofuata tulipohamia kwa baba, Jeddah.

Nilikuwa nimeshazaa wawili mama aliponiambia, tumekaa barazani kwetu mtaa wa Al-Safa, Jeddah. Kumbe daktari alimwonya baada ya kunizaa mimi: mimba nyingine ingemuua. Baba alijua, na vidonge akimnunulia mwenyewe. "Ningemshikilia yule mtoto wa bandia," mama alisema, "Bi Aziza angeuliza mara ya pili, na mimi uongo siuwezi."

Wajukuu zangu leo wanatumiwa ujumbe kila wiki: susia hiki, susia kile. Wanabonyeza, na jioni wamesahau. Watoto wao wa bandia wamejaa kitanda, hakuna hata mmoja mwenye jina. Nawacheka, lakini kuna jambo moja nawaonea wivu. Binti yangu alipoharibikiwa na mimba aliwaandikia kwa simu wanawake wenzake waliokwisha kupitia hayo, wakamjibu papo hapo, wengine hata hawajuani kwa sura. Mama yangu aliishi katika jengo lililojaa wanawake wa kwao, wanaosema Kiswahili chake, wanaokula chakula chake, na hakupata hata mmoja wa kumwambia.