Mgeni wa Chumba Namba Saba

Hoteli yetu iko Point, hapa Durban, barabara mbili kutoka bandarini, na kwa miaka sita niliyokaa mapokezi sijamwona mtu aliyekuja kwa kuipenda. Watu huletwa na jambo. Wengi ni wavuvi wa meli za jodari wanaosubiri injini itengenezwe, na wakikaa siku tatu korido nzima inanuka dizeli na chambo. Mwenye hoteli, mzee Govender, anaishi Chatsworth na huja kila asubuhi kukagua funguo. Anasema si kwamba anatushuku, ni kwa ajili ya afya ya moyo wake. Vyumba ni kumi na viwili. Mtu wa kuvisafisha ni mmoja, naye ni Joséphine.

Mimi ni Scola, Mhaya wa Bukoba, na mdomo wangu unajulikana mtaa mzima. Joséphine ni Mrundi wa Rumonge, mpole mpaka anaudhi. Ana miaka thelathini na tisa na magoti ya bibi wa sabini, maana lifti ilikufa kabla yetu sote na ndoo haijipandishi yenyewe. Kitanda akikitandika yeye, shuka linakaza hata ukidondosha funguo juu yake hazizami. Ukimwuliza kama amechoka atasema, "Kidogo." Hiyo kidogo yake naisikia tangu mwaka 2008, na sijawahi kumwona amekaa kwenye kiti kabla ya saa tisa alasiri.

Alitoka kwao mwaka 2003, mumewe ameshakufa, akamwacha binti yake Irakoze kwa dada yake mkubwa, Coletha, mjini Bujumbura. Mtoto alikuwa na miaka sita. Joséphine alisema anatangulia tu, mwaka mmoja, apate pa kukaa, kisha amwite. Mwaka ukawa kumi. Sauti ya mtoto kwenye simu ilikua huku yeye hayupo, hadi siku moja aliongea nayo dakika nzima akidhani ni Coletha. Siku hiyo alinisimulia huku akicheka, nami nikacheka naye, na wote wawili tulijua hakuna cha kuchekwa.

Basi Julai ya mwaka 2013 kanisa la Warundi hapa Durban likaalika kwaya kutoka Bujumbura, na Irakoze alikuwa anaimba humo. Joséphine alishuka ngazi na dekio mkononi, linachuruzika maji, akasimama mbele yangu.

"Dada Scola, Irakoze anakuja. Siku kumi."

Akalia pale pale. Ilibidi nimnyang'anye dekio.

Furaha hiyo ilikuwa na kazi ndani yake. Mzee Ndikumana wa kanisani kwao, ambaye ndiye anayewaelekeza watu mambo ya karatasi, alikuwa amemwambia kwamba yeye kama mkimbizi aliyekubaliwa anaweza kuomba mwanawe aje aishi naye. Lakini mtoto ameshafika miaka kumi na sita, na ombi lingekuwa na nguvu likiambatana na barua ya mkono wake mwenyewe, kwamba anataka kuishi na mama yake. Kwa hiyo Joséphine alikuwa na siku kumi za kupata barua moja. Alininunulisha daftari jipya kwa ajili hiyo, kana kwamba maneno yangekataa kukaa kwenye karatasi kuukuu.

Wanakwaya walipangiwa kulala majumbani kwa waumini. Nyumba ya Joséphine ilikuwa kitanda kimoja katika fleti ya wanawake wanne, pazia katikati. Akasema mtoto wake hatalala nyuma ya pazia. Alimwendea Govender akaomba chumba namba saba, chenye dirisha linalotazama bandari, naye atafanya kazi Jumapili zake zote hadi Oktoba. Ulikuwa msimu wa dagaa, wavuvi wamejaa hadi wanalala wawili wawili, na mzee aliguna sana kabla ya kukubali. Mimi nilimwambia mbele ya watu kwamba akikataa atatafuta mtu mwingine wa mapokezi. Sijui kama hilo lilisaidia, lakini nililisema.

Kile chumba alikisafisha siku mbili. Alisugua mpaka nyuma ya bomba. Alibadilisha foronya mara tatu, akaweka taulo mbili, sabuni mpya, na chupa ya maji ambayo hoteli yetu haijawahi kumpa mgeni yeyote.

Irakoze alifika Ijumaa mchana. Msichana mrefu, mtaratibu, nywele fupi za shule, begi la kwaya begani. Alinisalimia kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama wanavyofundishwa kwao, akaniita tantine, yaani shangazi kwa Kifaransa cha kwao. Kisha akamgeukia mama yake, wakakumbatiana. Nilikuwa nimejiandalia kulia, ila hawakukaa sana. Kila mmoja aliogopa kumbana mwenzake.

Tangu hapo nikashuhudia mtoto akihudumiwa. Asubuhi Joséphine alimpandishia chai ya maziwa na mkate kwenye trei. Mtoto akitoka kwenda mazoezini, mama anatandika kitanda, anafua nguo zake kwa mkono, anazipiga pasi, anazikunja. Mtoto akirudi anakuta chumba kipya. Jioni walikula pamoja kwenye kile kijichumba cha jiko letu nyuma ya mapokezi, na Irakoze akiinuka kuchukua sahani, mama yake anazidaka.

"Acha, acha. Kaa. Pumzika."

Siku ya tatu niliona msichana amechukua ufagio uliokuwa ukutani. Hakuwa amefagia hata kigae kimoja. Joséphine aliutoa mkononi mwake kwa upole, na mimi, mjinga mwenzake, nikaongeza kutoka kwenye meza yangu, "Kaa, mwanangu, wewe iko holidei!" Akakaa. Aliweka mikono mapajani, akatazama ufagio ukirudi ukutani.

Siku ya tano Joséphine alimwuliza kuhusu barua. Wakiwa wawili huongea Kirundi, na Mhaya kama mimi ananasa zaidi ya nusu bila kutega sikio, ingawa sikatai kwamba nilitega. Alimwuliza kama angependa kuja kuishi hapa. Irakoze alisema, "Sijui." Alisema kwa adabu, macho chini, kama mtu anayejibu swali la mwenye nyumba. Joséphine akasema hakuna haraka, akamwongezea chai. Baadaye alipanda kusafisha chumba namba tisa, ambacho alikuwa ameshakisafisha.

Nilikasirika. Nilisema moyoni, huyu mtoto ana roho gani? Mama anajimaliza kwa ajili yake, na yeye "sijui"! Kidogo nimwambie.

Jumamosi mchana, siku ya tisa, akaja mwenyewe mapokezi. Kwaya ilikuwa iimbe mara ya mwisho Jumapili na kuondoka Jumatatu asubuhi.

"Tantine Scola, naweza kukuuliza kitu?"

"Uliza."

"Mama iko na hasira na mimi?"

Nikamtazama. "Hasira? Huyu anayekupigia pasi mpaka soksi?"

"Njo hiyo," akasema. "Tangu nifike hajanituma hata maji."

Nilitaka kucheka, lakini uso wake haukuruhusu. Akaeleza taratibu, anapanga maneno. Kwa tantine Coletha anatumwa tangu alfajiri: Irakoze maji, Irakoze mkaa, Irakoze kimbia sokoni, Irakoze umefanya nini hapa, rudia. Wakija watoto wa jirani, hao hawatumwi. Hao huwekewa kiti na fanta, kisha wanarudi kwao. Yeye hapa amewekewa kiti siku tisa.

"Kama mimi ni wa hapa," akasema, "si angenituma?"

Jamani, mimi nimelelewa Bukoba. Kwetu ni hivyo hivyo. Nilipigwa kwa kusahau kuteka maji na sikuwahi kutilia shaka kwamba nyumba ile ni yangu. Na bado nilikaa siku tisa nyuma ya meza hii nikimwambia mtoto wa watu, kaa, pumzika. Niliona aibu hadi masikioni.

Nilimfuata Joséphine chumba namba nne. Alikuwa anakamua dekio. Nikamwambia yote bila kupunguza, maana sijui kupunguza. Akageuza ndoo tupu akaikalia, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona amekaa kabla ya saa tisa.

"Mimi natumwa toka naamka, dada Scola," akasema baadaye. "Govender ananituma, wavuvi wananituma, hata wewe unanituma. Miaka kumi nilikuwa nasema, iko mtu mmoja duniani sitaki atumwe. Mmoja tu."

Nilichukua dekio nikamalizia sakafu, vibaya, naye hakuniambia nirudie.

Jumapili yote kwaya iliwachukua. Jumatatu saa moja asubuhi nikasikia Joséphine anagonga namba saba, na sauti yake haikuwa ya kubembeleza. Alisema, "Irakoze, amka. Vyumba ni vingi. Shika hizi shuka." Kisha miguu ikashuka kitandani haraka, miguu ya mtu aliyezoea kuitwa.

Walianza juu, kumi na mbili, kisha kumi na moja. Mimi nilibaki kwenye ngazi nikijifanya nahesabu taulo. "Siyo hivyo. Kunja kona kwanza. Toa, rudia. Rudia tena. Coletha hakukufundisha kitanda?" Na mtoto akajibu kwamba kwa Coletha wanalala wanne kwenye godoro, kona za nini, na Joséphine akacheka, kisha wote wawili wakacheka mpaka mvuvi mmoja akapiga ukuta awaambie wanyamaze. Nilifuta machozi kwa taulo la hoteli. Nikasema, basi, barua imepatikana.

Saa nne kasoro walishuka, Irakoze na begi lake, mikono inanuka jiki. Taxi ya kwaya, kama daladala za kwetu, ilikuwa nje, dereva anapiga honi. Joséphine alikuwa ameshika daftari. Akamnyooshea mwanawe.

Irakoze alilitazama, asilichukue.

"Mama, siwezi kuandikia hapa," akasema. "Tantine Coletha ndiye aliyekuwa ananituma, miaka yote hii. Yeye ndiye lazima anitume nije. Nikitoka bila yeye kuniambia nenda, nitakuwa nimemtoroka."

Nikafungua mdomo. Joséphine aliniwahi kwa jicho, nikaufunga. Akamvuta mwanawe, na safari hii alimbana kweli kweli, begi likaanguka. Akamwambia avae sweta, kuna baridi njiani. Irakoze akalivaa pale pale mlangoni. Taxi ikaondoka, ikapita robot, zile taa za barabarani kwenye kona, ikapotea.

"Huyo mtoto," nikaanza.

"Usimkasirikie," akasema. "Coletha amelea mtoto mzuri."

Akapanda na ndoo yake. Vilibaki vyumba kumi.

Alasiri mvuvi aliyepewa namba kumi na moja alishuka kulalamika kwamba shuka lake limelegea, kona zimetoka. Nilimjua aliyekitandika kitanda hicho. Nikampandishia Joséphine ujumbe, naye akasema kitanda kiko sawa, yule alale hivyo hivyo. Miaka yote sijawahi kumsikia akisema kitanda kibovu kiko sawa. Mvuvi nikamwambia ndiyo mtindo mpya wa hoteli, akaondoka akinung'unika.

Saa kumi na moja alikuja mapokezi, amenawa uso, amevua aproni. Akaomba simu yangu kwa sababu ya kwake haikuwa na salio. Nikamwuliza kama anataka kujua kwaya imefika wapi. Akatikisa kichwa.

"Nataka kuongea na Coletha."

Kila Jumapili kwa miaka kumi alimpigia Coletha, na kila mara ilikuwa salamu mbili kisha, nipe mtoto. Nilijua hivyo kwa sababu salio mara nyingi lilikuwa langu. Safari hii alisimama, ingawa kiti kilikuwepo. Akarekebisha kitambaa chake kichwani, kama anayeingia nyumbani kwa mtu. Nilisikia simu ikiita mbali, ikapokelewa, sauti ya mwanamke ikauliza kama mtoto ameshapanda ndege.

"Dada, ni mimi, Joséphine," akasema. "Leo sijapiga unipe mtoto niongee naye. Nimekuja kukuomba mtoto."