Pua ya Katriena

Tangu mafua ya Juni, Katriena Plaatjies hakusikia harufu ya kitu chochote: si kahawa, si sabuni, si mavi ya farasi. Mtu mwingine angelalamika tu, yakaisha. Lakini Katriena ndiye aliyekuwa akionja divai katika shamba la Hendrik Malherbe, kwenye bonde la nyuma ya mji wa Hermanus, Afrika Kusini, na ndiye aliyesema pipa lipi linakwenda na chakula gani. Nyumba aliyoishi ilikuwa ya shamba. Kazi ikiisha, nyumba nayo imekwenda. Dada yake Sanna, ambaye sasa ni mpishi hapa kwa Malherbe, alitupiwa godoro nje na shamba jingine kwa mtindo huo huo. Kwa hiyo miezi mitatu Katriena akafunga mdomo.

Siku moja akaja mnunuzi wa divai kutoka Cape Town. Mezani uani palikuwa na glasi mbili za divai nyekundu, moja ya zabibu za bondeni, moja ya zabibu za mlimani, zilizopozwa na upepo wa baharini. Juu ya makaa Katriena alikuwa akichoma snoek, samaki mrefu mwenye mafuta, aliyepakwa jamu ya tunda la aprikoti.

"Haya, Mama Katriena," Hendrik, bosi wake, akasema. "Mwambie mgeni ipi inakwenda na samaki."

Akaingiza pua kwenye glasi moja, kisha nyingine, kama zamani. Hakuna kitu. Akanywa ya bondeni, kisha ya mlimani. Ulimi, angalau, haukumtoroka: uchachu, ukavu kidogo kwenye fizi, kisha chumvi.

"Ya mlimani," akasema. "Ile ya bondeni nzito, itamlalia samaki. Hii itakata mafuta, jamu ibaki na utamu wake."

Mnunuzi akaonja, akakubali. Katriena akaanza kupumua.

Alikuwa ameupa moto mgongo. Kule kila mtu huchoma hivyo, moshi usimwingie machoni, maana jamu ikianza kuungua pua hukuambia kabla ya jicho. Yeye alisimama hivyo kwa mazoea, akasahau kwamba pua hana.

"We Katriena! Samaki!" Sanna akapiga kelele kutoka mlango wa jikoni. "Umekufa pua?"

Akageuka. Snoek amekuwa mweusi tii, na mgeni ameshatoa leso.

"Mama Katriena," bosi akauliza polepole, "husikii harufu hiyo?"

Angeweza kudanganya. Akaweka glasi mezani.

"Sisikii, bosi. Sisikii kitu tangu Juni."

Hendrik akasogea mezani. Akachukua ile glasi ya mlimani, akanusa.

"Mimi nasikia cheri. Na udongo uliolowa."

"Na chumvi mwishoni," Katriena akasema.

"Chumvi?" Akaonja, akafumba macho, akaonja tena. "Chumvi, kweli. Miaka kumi nauza divai hii, sijawahi kuisikia." Akaweka glasi chini. "Basi mimi nitanusa, wewe uonje. Samaki achome Sanna."

"Na nyumba, bosi?"

"Nyumba gani?"

Hakuwa akitania. Alikuwa anauliza kweli. Miezi mitatu Katriena hakulala kwa hofu ya kufukuzwa, kitu ambacho bosi hakukifikiria hata dakika moja. Akakaa juu ya kreti, akalia, na alilia kwa hasira zaidi kuliko furaha.