Bernadeta na Mahindi ya Ukungu

Bernadeta wa Igoma alikuwa mfupi, kumimina debe kwenye mashine yake ya kusaga mpaka apande kreti la soda. Mdomo wake ndio haukuhitaji kreti. Najua, nilitengeneza baiskeli mlangoni pake miaka sita na sikumaliza wiki bila kusemwa.

Mwaka ule wa mvua za El Nino, Mihayo, mfanyabiashara wa nafaka na mteja wake mkubwa, alileta magunia kumi na mawili. Mahindi yalikuwa yamenyeshewa siku nne Kigongo yakisubiri kivuko. Bernadeta akachota kiganja, akaona ukungu wa kijani.

"Haya sisagi."

"Koboa kwanza, mama. Sembe itatoka nyeupe kama kanzu ya padri."

"Ya wiki iliyopita nayo ilitoka nyeupe. Pumba zake nikawapa bata wangu. Kumi na mmoja, wote chali."

"Basi ubaya umeishia kwenye pumba. Tena ugali unapikwa. Moto unaua kila kitu."

"Zile pumba nilizichemsha, Mihayo. Bata wangu wanakula kilichopikwa, wana adabu kuliko wewe."

Akina mama kwenye foleni wakacheka. Mihayo akanuna.

"Siku hizi ni soko huria. Hapa Igoma mashine ziko tatu. Nikiondoka sirudi."

"Huria hiyo na mimi nimo. Nimekataa."

Mihayo akaenda kuwasha mashine mwenyewe. Bernadeta akauchomoa mkanda wa mashine, akauvaa shingoni. "Haya, washa."

Mihayo akaita mkokoteni. Magunia yakiwa yanapakiwa, Bernadeta akachukua baiskeli ya mteja wangu bila kuniomba. Kiti kilikuwa juu mno kwake, akaondoka akikanyaga kwa kusimama, mkanda ukimpiga mgongoni.

Mkokoteni ulipofika mashine ya pili, mwenye mashine akasema mota imeungua. Kwenye ya tatu wakaambiwa umeme umekatika, na redio ya humo ndani inaimba kwaya. Mihayo akarudi nyumbani na magunia yake, kwa miguu, kwenye tope.

Kweli hakurudi tena. Bernadeta akabaki na wateja wa debe moja moja, na kila debe akalimwaga kwanza kwenye ungo, akatoa punje mbovu moja moja, foleni ikinung'unika.

"Mwenye haraka," akasema bila kuinua kichwa, "kinu kipo nyumbani kwake. Akatwange."